Utando na Hewa: Tarikhi ya Vihifadhi vya Asili katika Plastiki

Mwaka 1861 August Wilhelm Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akisomesha kemia mjini London, aliletewa vipande vya waya wa simu uliokuwa umetandazwa katika Bara Hindi, ambao gamba lake la gutapacha, lililokuwa laini na imara siku lilipotoka kiwandani, lilikuwa limegeuka kahawia, likakauka, likawa linameguka kwa ukucha. Gutapacha ni utomvu wa miti ya Malaya na visiwa vya jirani. Daktari William Montgomerie aliupeleka Uingereza kutoka Singapore mwaka 1843, na haukupita muda mrefu ikadhihirika kwamba hapakuwa na kitu kingine duniani kifaacho kama huo kuvishwa nyaya ili umeme usivuje majini. Hofmann alipouchungua ule uliokufa akakuta kwamba haukuliwa na mchwa wala haukuyeyushwa na joto, bali ulikuwa umeivuta oksijeni ya hewa na kuifanya sehemu ya mwili wake, na kwa sababu hiyo sehemu yake kubwa imekuwa ulimbo mkavu usiokuwa na nguvu ya kuvutika wala kukunjika.

Waya wa namna hiyo hiyo ulifika Unguja mwaka 1879, katika zama za Seyyid Barghash, ukitoka Aden na kuendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Na kama ule wa Hindi ulikufa upesi ilhali huu wa baharini ulidumu, sababu haikuwa ubora wa kazi ya mafundi, bali kiza na baridi ya kilindi, mahali ambapo nuru haifiki na oksijeni ni haba. Hewa, ambayo wanadamu tangu azali wameihesabu kuwa ndiyo uhai, ilikwisha dhihirika kuwa adui wa vitu vyote vilivyoumbwa kwa minyororo mirefu ya kaboni, viwe vimetoka mtini au vimetoka kiwandani.

Mpira nao ulikuwa na ugonjwa huo huo. John Spiller, mwanakemia wa Uingereza, alieleza mwaka 1865 jinsi mpira uliopakwa juu ya kitambaa ulivyogeuka kuwa ulimbo baada ya miaka michache tu, na ile hikima ya kuuchemsha mpira pamoja na kiberiti, aliyoivumbua Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839, iliuponya mpira na kunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi, walakini haikuuponya na hewa. Lililowashangaza mafundi ni kwamba mpira mbichi, kama ulivyokauka baada ya kugemwa, uliweza kukaa ghalani muda mrefu bila kuharibika, lakini mpira huo huo ukioshwa kwa asitoni hata ukawa safi kabisa, ulioza upesi kuliko ule mchafu. Maana yake ni kwamba ndani ya zile taka zilizooshwa mlikuwamo kitu kilichokuwa kikiulinda. Mwaka 1927 wataalamu wa kampuni ya Goodyear kule Akron, Ohio, walifanikiwa kuvitenga baadhi ya vitu hivyo vya ulinzi kutoka katika mpira wenyewe, na mwaka 1965 watafiti wa Liverpool wakaonyesha kwamba utomvu wa mpira una jamaa wa karibu wa vitamini E, aina iitwayo tokotrienoli.

Habari hii nimeitanguliza mbele kwa kusudi, kwa sababu siku hizi husemwa kwamba kutia vitu vya mimea katika plastiki ni jambo jipya lililozuka pamoja na wasiwasi wa watu kuhusu mazingira. Tarikhi haikubaliani na kauli hiyo. Mti ulikwisha kulijua jambo hili kabla ya mwanakemia. Yeye aliukuta ulinzi umo, akauosha, akaona hasara yake, kisha akatumia takriban karne nzima kuutafuta urudi.

Jina la jumla la ulinzi huo lilitoka Ufaransa, katika vita vya kwanza vya dunia. Charles Moureu, mwalimu wa Collège de France, pamoja na msaidizi wake Charles Dufraisse, walikuwa wakishughulika na akrolini, kiowevu chenye mvuke mkali unaochoma macho, ambacho jeshi lilitaka kukitumia kama silaha; na taabu yao ilikuwa kwamba akrolini haikukubali kutunzwa, kwa maana ilijigeuza yenyewe kuwa kitu kigumu cheupe kisichomdhuru mtu yeyote. Waligundua kwamba oksijeni kidogo ndiyo iliyochochea mageuzi hayo, na kwamba chembe ndogo mno za vitu vya jamii ya fenoli, kama vile haidrokwinoni, pirogaloli na tanini, zilitosha kuyazuia. Mwaka 1922 waliyatangaza waliyoyaona na kuvipa vitu hivyo jina ambalo kwa lugha yetu tunaweza kusema vizuia-oksijeni. Tanini si kitu kigeni kwa mtu wa pwani: ndiyo ile iliyomo katika magome ya mikoko, ambayo kwa miaka mingi yalipakiwa vyomboni kwenda ng'ambo kwa ajili ya viwanda vya kutengenezea ngozi. Nasikitika kwamba elimu yenye manufaa kiasi hiki ilizaliwa katika kazi ya kuunda sumu, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya hapo elimu ilihamia jikoni. Mafuta yanapochacha, yakaingia ule uvundo unaokwama kooni, yanapatwa na jambo lile lile lililoupata waya wa Hindi. Na kwa kuwa mafuta ni chakula, na chakula kilichoharibika ni hasara ya kila siku, fedha za kutafuta dawa zilipatikana kwa wingi zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Iowa, Henry Mattill na mwenzake Harold Olcott walionyesha mwaka 1931 kwamba mafuta yaliyokamuliwa kutoka katika majani ya saladi yana kitu kinachozuia kuchacha. Wakati huo vitamini E ilikuwa na umri wa miaka tisa tu katika vitabu: Herbert Evans na Katharine Bishop wa Berkeley, California, waliitambua mwaka 1922 kwa kuwalisha panya majike chakula kilichopungukiwa nayo, wakaona mimba haziendi mpaka mwisho. Mwaka 1936 ilipatikana safi kutoka katika mafuta ya kiini cha ngano. Mwaka 1937 ikathibitika kwamba hiyo yenyewe ni kizuia-oksijeni. Na mwaka 1938 Paul Karrer wa Zürich akaiunda maabara bila kuhitaji ngano. Miaka saba ilitosha kuligeuza jani la saladi kuwa bidhaa ya kiwanda.

Zilikuwa zama za kujaribu kila kitu. Unga wa oti ulichanganywa na mafuta na hata kutumika katika karatasi za kufungia vyakula vyenye mafuta, na huo, kwa hukumu yangu, ndio babu halisi wa utando wa kisasa wenye kihifadhi ndani yake, ingawa wanaoandika habari za vifungashio ni nadra kuutaja. Ulimbo wa mti wa gwayaku wa visiwa vya Karibi ulitiwa katika mafuta ya nguruwe. Kichaka cha majangwa ya Meksiko na kusini-magharibi mwa Marekani, ambacho jina lake la kitaalamu ni Larrea, kilitoa asidi iliyosifiwa sana katika miaka ya 1940, kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaondolewa katika orodha ya vitu vinavyoruhusiwa chakulani, baada ya kuonekana kwamba huwadhuru wanyama wa majaribio. Ni jambo ambalo wauzaji wa vitu vya asili wangefanya vyema kulikumbuka kila wanapodai kwamba kitokacho mmeani hakina madhara.

Mwaka 1952 watafiti wa taasisi ya Hormel, katika mji wa Austin, Minnesota, walichukua viungo thelathini na viwili, wakavisaga na kuvitia mafutani ili waone kipi kitazuia kuchacha kwa muda mrefu zaidi. Rozimari na seji zikaongoza. Lakini katika majaribio yaliyofuata, ya mafuta yaliyopigwa pamoja na maji mpaka yakashikana, karafuu ndiyo iliyotangulia kwa mbali. Nayo ni miaka ambayo Unguja na Pemba zilikuwa zikiongoza dunia kwa zao hilo.

Wakati wapishi wa maabara wakihangaika na mafuta, Uingereza ilikwisha kuzaa kitu kipya. Mwezi Machi 1933, katika kiwanda cha kampuni ya ICI kilichoko Winnington, jimbo la Cheshire, Eric Fawcett na Reginald Gibson waliibana gesi ya ethilini kwa nguvu inayozidi mara elfu ya ile ya hewa ya kawaida, wakakuta ndani ya chombo ukoko mweupe mfano wa nta, ndiyo polithini yenyewe. Jaribio halikukubali kurudiwa kwa salama mpaka Desemba 1935, Michael Perrin na wenzake walipofaulu, na katika kuchunguza kwa nini safari hii limefaulu ikajulikana kwamba oksijeni kidogo iliyojipenyeza ndiyo iliyoianzisha kazi. Basi oksijeni ndiyo iliyokuwa mkunga wa polithini, na ndiyo itakayokuwa mwuaji wake. Uzalishaji ulianza mwaka 1939, na kazi kubwa ya kwanza ya polithini ilikuwa kurithi kazi ya gutapacha: kuvishwa nyaya za rada katika vita.

Namna kifo hicho kinavyoingia ilifafanuliwa katika miaka ya 1940 na John Bolland na Geoffrey Gee, waliokuwa wakifanya kazi Welwyn Garden City katika maabara iliyogharamiwa na wazalishaji wa mpira. Joto au nuru ikiung'oa mnyororo hidrojeni moja, mahali palipobaki wazi hudaka oksijeni. Oksijeni hiyo humpokonya jirani hidrojeni yake. Jirani naye, akiisha kupokonywa, hudaka oksijeni yake mwenyewe, na hivyo hasara huhama kama deni linalosukumwa nyumba hadi nyumba, ila kwa tofauti hii, kwamba njiani huzaa viungo vya peroksidi ambavyo vikipasuka huanzisha madeni mapya mawili badala ya moja. Fenoli hulikomesha hilo kwa kutoa hidrojeni yake kwa hiari, na ikiisha kuitoa hubaki imetulia, haina haja ya kumpokonya yeyote. Tanini ya mkoko, tokoferoli (yaani vitamini E) ya ngano, asidi ya kanosi ya rozimari na yujinoli ya karafuu zote ni za ukoo huo mmoja, na zote hufanya kazi kwa njia hiyo.

Polithini ilivumilia kwa kiasi chake. Alipotokea ndugu yake polipropilini, aliyezaliwa Milan mwezi Machi 1954 katika maabara ya Giulio Natta, ilionekana wazi kwamba hatakuwa na maisha bila dawa, kwa sababu kila hatua mbili za mnyororo wake kuna hidrojeni iliyoshikwa kwa ulegevu. Polipropilini tupu ikiwekwa juani huanza kupasuka katika muda wa majuma machache. Kwa hiyo yale yanayosemwa kila mahali, kwamba plastiki kwa tabia yake haifi, ni kweli nusu tu: vipande vyake hudumu sana ardhini na baharini, lakini uimara wa kitu chenyewe, ule unaomfanya mtu abebe mzigo bila kuhofu kukatikiwa, ni uimara wa kutiliwa.

Na katika bidhaa zote za plastiki, utando ndio ulio dhaifu kuliko zote. Sharti mtu auone unavyotengenezwa ndipo ataelewa. Punje za polithini humiminwa kinywani mwa mashine, zikakokotwa na parafujo ndefu ndani ya bomba lenye joto la nyuzi karibu mia mbili, zikayeyuka na kukandwa, kisha uji huo husukumwa upite katika mdomo wa duara wenye mwanya mwembamba. Utokapo juu huwa ni mrija laini uliojaa hewa, unaovimba na kupanda kuelekea darini, mpana kuliko pipa, ukipulizwa hewa baridi kandokando mpaka ukaganda. Huko juu rola mbili huuminya ukawa bapa, nao hushuka upande wa pili na kuviringishwa. Katika safari hiyo ya muda mfupi plastiki ya moto hukutana na oksijeni, na kila mahali ambapo minyororo yake imekatika au imeshikamana ovyo hubaki alama: vijidonge vigumu vinavyoonekana ukiuinua utando mbele ya dirisha, mistari, na harufu ya mshumaa uliozimwa. Kisha utando huo, ulio mwembamba kuliko karatasi, huwekwa mahali ambapo pande zake zote mbili zimeelekea hewa. Hauna kiini cha kujifichia.

Kwa hiyo ulihitaji dawa kuanzia ndani ya mashine. Katika miaka ya 1950 dawa iliyotamalaki ilikuwa BHT, fenoli ya kuundwa, rahisi na isiyo na rangi, ambayo iliruhusiwa pia chakulani. Udogo wa molekuli yake ulikuwa faida na taksiri kwa pamoja, kwa maana BHT haikai ilipowekwa: huvukiza mashinani, huhama kutoka katika utando na kuingia chakulani. Wamarekani waliigeuza taksiri hiyo kuwa hila ya biashara, wakawa wanaitia kwa makusudi katika utando wa ndani ya maboksi ya nafaka za asubuhi, ili ihame taratibu na kuilinda nafaka yenyewe isichache. Kampuni ya Geigy ya Basel, ambayo haikutaka dawa inayotoroka, ilileta katika miaka ya 1960 fenoli kubwa kubwa zilizotulia mahali pake, na mpaka leo hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi.

Walaji walipoanza kusoma herufi ndogo pembeni mwa maboksi na kuuliza BHT ni nini, nafasi ya vitamini E ikarudi. Wataalamu wa kampuni ya Hoffmann-La Roche kule New Jersey waliijaribu katika polithini na polipropilini, na mwaka 1992 Laermer na Zambetti wakaeleza habari zake katika jarida la elimu ya tando za plastiki. Kiasi kilichohitajika kilikuwa kidogo cha kustaajabisha, gramu mia chache katika tani nzima, na chupa na tando zilizotiwa vitamini hiyo zilitia ladha mbaya katika maji na vyakula kwa kiasi kidogo kuliko zile za dawa za zamani. Kasoro yake ni rangi: tokoferoli ikiisha kutoa hidrojeni yake huacha umanjano, ambao katika mfuko wa mkate mnunuzi huuona kuwa uchakavu. Sahar Al-Malaika na wenzake katika Chuo Kikuu cha Aston, Birmingham, walionyesha kwamba vitu hivyo vinavyozaliwa na tokoferoli iliyokwisha kutumika, ambavyo vingine vina rangi hiyo, bado vina nguvu ya ulinzi. Tangu 2007 vitamini E imetiwa pia katika polithini ya viungo bandia vya nyonga na goti, mahali ambapo rangi haimshughulishi mtu.

Hata hivyo neno asili lina unyumbufu mkubwa vinywani mwa wafanyabiashara. Tokoferoli inayotiwa katika plastiki aghalabu haikutoka katika ngano wala soya. Imeundwa kiwandani kwa njia iliyotokana na ile ya Karrer, nayo ni ya asili kwa umbo tu. Hilo si aibu, lakini ni vyema lisemwe.

Rozimari imekuwa na bahati ya ukweli zaidi, kwa kuwa dondoo lake hutoka katika jani lenyewe. Mwaka 2006 Cristina Nerín na wenzake wa Chuo Kikuu cha Zaragoza, Uhispania, walieleza utando wa polipropilini wenye dondoo la rozimari, uliofanya nyama ya ng'ombe iliyofungwa ndani yake ikawie kupoteza wekundu wake na kuchacha. Majani ya chai, maganda ya zabibu, manjano na ligini ya miti yamejaribiwa baada yake, kila nchi na mabaki yake ya shambani.

Mtu mmoja hafai kusahauliwa hapa, Gerald Scott, naye wa Aston, ambaye kitabu chake cha 1965 juu ya hewa na vizuia-oksijeni kiliwafundisha wengi. Kwa kuwa aliijua barabara njia ya kuchelewesha kifo cha plastiki, aliijua pia njia ya kukipangia siku. Pamoja na Dan Gilead wa Israeli alitengeneza tando za kufunikia matuta ya mboga zilizokuwa na misombo ya metali inayolinda kwanza, kisha, ikiisha kulika na jua, hugeuka kuchochea uharibifu, ili utando umeguke msimu ukiisha na mkulima asiwe na kazi ya kuukusanya. Wengine walioichukua fikra hiyo na kuitia katika mifuko ya dukani waliiharibia jina, kwa maana mifuko hiyo ilimeguka na vipande vikabaki, hata Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku plastiki ya namna hiyo kwa sheria ya 2019.

Karafuu, iliyong'aa katika majaribio ya Hormel, haikupata nafasi katika mashine ya parafujo. Kule Wawi, Pemba, kiko kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikiisha kuchambuliwa, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujinoli. Lakini yujinoli ikifikishwa katika joto la nyuzi mia mbili nyingi yake hupaa kabla ya utando kuganda, na ile inayobaki hukifanya kila kitu kinukie karafuu, iwe ni mkate au jibini. Kwa sababu hiyo watafiti wameihamishia katika tando zisizohitaji moto mkali, zile za wanga na za karajinani itokayo katika mwani, ambazo humiminwa zikiwa maji na kuachwa zikauke zenyewe. Mwani umekuwa ukilimwa Unguja na Pemba kwa biashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na sehemu kubwa yake bado hupakiwa mkavu kwenda kusindikwa nje, bandarini pale pale panapopakiwa karafuu.